Operesheni Nyamazisha Swichi

Nchi yetu ina jina, lakini kulitaja bila kibali ni kosa, na ofisi inayotoa kibali hicho bado haijajengwa. Kwa hiyo nitaiita nchi yetu, na wewe msomaji utanielewa. Usiponielewa, ni bahati yako, maana yake huishi kwetu.

Mimi ni karani wa habari wa wilaya. Kazi yangu ni kupeleka matangazo ya serikali kwa wananchi na kurudisha shukrani za wananchi kwa serikali. Shukrani hizo hupigwa chapa makao makuu kabla tangazo lenyewe halijatoka, hivyo kazi si nzito. Naandika haya kwa sababu mitaani kuna watu wanaosimulia vibaya yaliyompata fundi Nyamizi na mdogo wake, na mimi nilikuwepo tangu mwanzo, kwa mujibu wa cheo changu.

Mambo yalianza Siku ya Ushindi. Tulimshinda nani, vitabu vya historia havikubaliani, ila vyote vinasema alishindwa vibaya. Mwaka huo wilaya yetu ilipewa heshima ya kuandaa sherehe, na Mtukufu Kiongozi alikuja na msafara wa pikipiki arobaini, nyeupe, mpya, mbele yake sajini mmoja aliyevalishwa buti za kufika magotini. Hotuba zikaisha. Mtukufu akapanda gari la wazi, bendi ikapiga, sajini akawasha pikipiki na kuingiza gia. Pikipiki ikazima. Akawasha tena, akaingiza gia, ikazima tena.

Hapa sina budi kueleza. Pikipiki hizo, kama zote zinazoingia nchini siku hizi, zina swichi ndogo, ukubwa wake kama kifungo cha shati, iliyofungwa karibu na stendi ya pembeni, yaani ule mguu wa chuma unaoizuia pikipiki isilale. Stendi ikiwa chini, ukiingiza gia, swichi inakata moto. Sababu yake inaeleweka hata kwa mbuzi: ukiondoka na stendi chini, ukifika kona ya kushoto pikipiki inalalia kushoto, chuma kinachimba barabara, na wewe unaendelea na safari peke yako. Sajini hakuiona stendi yake. Kati ya macho yake na mguu wake kulikuwa na tumbo la miaka ishirini ya utumishi uliotukuka.

Akawasha mara saba. Nyuma yake pikipiki thelathini na tisa zilisubiri, na nyuma yao Mtukufu akisubiri juani, mbele ya mabalozi.

Sasa, watu wetu wana tabia moja ya asili. Mtu akisahau stendi, yeyote anayemwona humpigia kelele. Muuza nyanya atapiga kelele, mwalimu atapiga kelele, hata mtu mliyenuniana naye tangu msiba wa mwaka juzi atasahau kununa na kupiga kelele. Basi uwanja mzima ukalipuka: "Stendi! Afande, stendi!"

Kwa bahati mbaya, kwetu stendi ni pia mahali pa mabasi. Wilaya yetu imeahidiwa stendi ya mabasi katika chaguzi tano mfululizo. Jiwe la msingi limewekwa mara nne, kila mara mahali tofauti, na Mtukufu ndiye aliyeyaweka yote manne. Akasikia watu elfu ishirini wakimzomea.

"Wanasemaje hawa?" akamuuliza Waziri wa Mwendo na Nidhamu ya Barabara, Mheshimiwa Tindwa, aliyeketi pembeni yake.

"Wanakushangilia, Mtukufu."

"Kwa neno hilo?"

Mheshimiwa Tindwa akatoa leso, akajifuta shingo. Sajini, aliyekuwa amesikia neno kama lilivyo, akainua stendi kwa ncha ya buti na msafara ukaondoka. Lakini maji yalikwisha kumwagika.

Ikaundwa Tume. Walikuwa maprofesa kumi na wanne, na hakuna hata mmoja aliyewahi kupanda pikipiki, jambo lililowahakikishia wananchi kwamba hawana upendeleo. Ripoti yao ilikuwa na kurasa mia tatu. Ilisema sajini hana kosa na buti hazina kosa. Tumbo halikutajwa. Mkosaji ni swichi: ndiyo iliyozima pikipiki, pikipiki iliyozima ndiyo iliyowafanya watu waseme neno lile, kwa hiyo swichi ndiyo mchochezi mkuu.

Mheshimiwa Tindwa akahutubia taifa redioni. Nina nakala ya hotuba, naihifadhi.

"Ndugu wananchi! Pikipiki ni mtumishi. Mtumishi akiambiwa twende, anakwenda! Swichi hii ni nani hata imkatalie sajini wa taifa huru? Nani aliichagua? Inatoka mkoa gani? Je, babu zetu walimwaga damu ili sisi tuje tuamriwe na kitu kinacholingana na kifungo cha shati? Ndani ya siku thelathini, kila swichi ya stendi katika nchi hii iwe imenyamazishwa!"

Ndivyo ilivyozaliwa Operesheni Nyamazisha Swichi. Barua ya kumteua fundi wa wilaya nilipewa mimi niipeleke.

Fundi mwenyewe alikuwa Nyamizi Lugembe, mwanamke wa makamo mwenye kibanda cha bati nyuma ya soko, mikono yake myeusi kwa oili hadi viwikoni. Alikuwa hodari kuliko mafundi wote wa wilaya na alikuwa na kasoro moja tu, nayo ni kuuliza. Aliisoma barua akiwa amechuchumaa kando ya injini iliyofunguliwa.

"Karani, umeisoma hii?"

"Nimeisoma, dada Nyamizi. Imeandikwa vizuri sana."

"Sijakuuliza mwandiko. Umeielewa?"

"Kuelewa kuko chini ya idara nyingine."

Akacheka kwa pua. "Hii swichi haina siasa. Inajua jambo moja tu hapa duniani: mguu uko juu, au mguu uko chini. Mkishainyamazisha, nani atamwambia mtu?"

"Serikali itamwambia."

"Serikali itakuwa imepakiwa kwenye kila pikipiki?"

Sikuliandika swali hilo kwenye taarifa yangu, na hilo naomba lihesabiwe kama wema niliowahi kumtendea. Alikubali kazi. Barua ilisema wazi kwamba akikataa, kibanda kitafungwa kwa mnyororo na vifaa vyake vitakuwa mali ya Operesheni.

Pikipiki zikapangwa foleni kuanzia kibandani hadi kwenye mti wa posta, askari wawili wakizihesabu. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Mlekwa, mdogo wake Nyamizi, kijana mchangamfu wa bodaboda aliyekuwa na miaka miwili ya ndoa. Alitaka kuwa wa kwanza kubandikwa stika ya serikali, yenye neno moja jekundu: IMENYAMAZISHWA. Nyamizi alikata nyaya mbili za swichi, akaziunganisha moja kwa moja, akafunga utepe mweusi. Akamshika mdogo wake sikio kama mtoto.

"Pandisha stendi kabla hujaondoka. Umesikia? Kuanzia leo pikipiki yako ni bubu."

"Nimesikia, dada."

Kila aliyekuja alimwambia hivyohivyo. Pikipiki elfu moja na mia sita, mara elfu moja na mia sita. Mwisho sauti yake ilikauka, akawa anaonyesha kwa kidole.

Sasa lililotokea ni lile ambalo Tume haikulitarajia. Pikipiki zikaanza kuondoka na stendi chini, kwa kuwa hakuna cha kuzizuia, na wananchi wakawa wanapiga kelele kuliko zamani. Kutwa nzima, mitaa yote: "Stendi! Wee kaka, stendi!" Neno ambalo serikali ilitaka lifutike likawa kama adhana. Askari wakakamata muuza nyanya mmoja, mama mtu mzima, kwa kulisema mara tatu ndani ya saa moja.

Ukaja waraka wa pili. Neno hilo likapigwa marufuku hadharani. Hata hivyo serikali yetu haiachi watu wake gizani, ikatupatia maneno rasmi ya kuonyana: *Ndugu mwendeshaji, tafadhali zingatia hali ya kiegemezi cha ubavuni cha chombo chako cha magurudumu mawili.*

Niliyapima maneno hayo ofisini kwa saa ya ukutani. Mtu mwenye mapafu mazuri huyamaliza kwa sekunde kumi na moja. Nikapima pia kutoka pale sokoni abiria wanaposhukia hadi kwenye kona ya kushoto: sekunde saba. Niliiandikia wizara kwa unyenyekevu kuhusu hizo sekunde nne. Wizara ikajibu kwamba kona isogezwe.

Kona haikusogezwa.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Mlekwa alimshusha abiria mbele ya soko. Mkewe, Sikudhani, alikuwa na meza ya maharage hapohapo. Akamwendea na mfuko wa viazi vilivyochemshwa.

"Usichelewe leo," akamwambia. "Tunampeleka mama hospitali saa nane."

"Saa nane nitakuwa mlangoni nimevaa shati jeupe," Mlekwa akasema, na Sikudhani akacheka kwa sababu mumewe hakuwa na shati jeupe. Akarudi kwa mteja wake, akampa mgongo. Mlekwa akatundika mfuko kwenye usukani, akawasha, akaingiza gia. Pikipiki ikakubali bila neno. Stendi ilikuwa chini.

Tuliona sote. Fundi cherehani aliona, akasimamisha mguu wake. Wenye bodaboda wenzake waliona. Wauza nyanya watatu waliona, na vinywa vikafunguka. Kwenye kona walisimama askari wawili na daftari. Vinywa vikafungwa.

Mimi nilikuwa umbali wa hatua kumi. Sikunyamaza, jamani, msije mkasema nilinyamaza. Nilijaza mapafu, nikaanza: "Ndugu mwendeshaji, tafadhali zingatia hali ya kiegemezi—"

Mlekwa aligeuza kichwa kidogo, akatabasamu. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kumwita ndugu mwendeshaji. Kisha akaingia kwenye kona.

Chuma kilichimba barabara. Pikipiki iliruka, na yeye akaruka kupita pikipiki, hadi kwenye nguzo ya simu. Viazi vilibingirika hadi miguuni mwa askari mmoja, akarudi nyuma ili visimchafue viatu. Sikudhani aligeuka, na sauti yake ndiyo ya kwanza kusikika sokoni asubuhi ile.

Nyamizi alikuja mbio na spana mkononi. Alitazama stendi kwanza, kisha akamtazama mdogo wake. Alipiga magoti, akamweka kichwa mapajani, akamfuta vumbi usoni kwa mkono uleule wenye oili, ikawa anamchafua zaidi, naye haoni. Baadaye akainua macho.

"Nani alikuwa hapa?"

Sote tulikuwa pale. Hakuna aliyejibu.

Taarifa rasmi ilitoka kabla ya mazishi. Chanzo cha kifo: kona. Kona ikazungushiwa kamba na kuwekwa kibao, KONA IKO CHINI YA UCHUNGUZI. Wiki tatu baadaye ikatangazwa kwamba imekiri na kurekebishwa, na kwamba Mheshimiwa Tindwa atakuja mwenyewe kuipita kwa pikipiki iliyonyamazishwa, ili wananchi waone kwa macho yao kwamba hofu ni ugonjwa unaoletwa na maneno.

Siku hiyo watu walikuwa wengi kuliko Siku ya Ushindi, maana kutokuja kulikuwa na orodha yake. Familia ya marehemu iliagizwa kuketi mstari wa mbele na kupiga makofi. Nyamizi alikaa upande mmoja, wifi yake Sikudhani upande mwingine, mimi katikati yao na nyuma kidogo, kuhakikisha makofi.

Mheshimiwa Tindwa alivaa suti ya kijivu, medali saba na kofia ya chuma iliyopakwa rangi za bendera. Alizungumza kwa dakika arobaini.

"Wapo wanaosema pikipiki ikinyamazishwa inaua," alisema. "Nawauliza: mimi nitakufa? Nitazameni! Kiongozi haangalii chini. Kiongozi anaangalia mbele!"

Akapanda pikipiki, akaiwasha, na kweli hakuangalia chini. Stendi ilikuwa chini, inang'aa, mpya, hata kipofu angeiona kwa mlio wake ilipogusa kokoto.

Sijawahi kusikia kimya kama kile. Umati wote ulikuwa unatazama mguu wa chuma. Wasaidizi wake waliutazama. Mkuu wa wilaya aliutazama, kisha akaanza kusoma ratiba. Karibu yangu mzee mmoja alitabasamu kama mtu aliyeletewa chakula baada ya kusubiri sana.

Sikudhani alinyoosha mkono kunipita, akamshika Nyamizi kiwiko.

"Nyamaza, wifi," akanong'ona. "Safari hii nyamaza tu. Mwache aende."

Nilimwona Nyamizi akiuma mdomo wa chini hadi ukawa mweupe. Pikipiki ikaanza kwenda. Sekunde moja, mbili. Nyamizi akasimama.

"Stendi!" akapiga kelele. "Stendi iko chini! Simama!"

Mheshimiwa Tindwa alilisikia. Angeweza kukanyaga breki, akainua mguu, akaenda zake nyumbani mzima. Lakini alisikia neno lililopigwa marufuku na mkono wake mwenyewe, mbele ya kamera, kutoka kinywani mwa fundi. Alitoa mkono wa kushoto kwenye usukani, akamnyooshea Nyamizi kidole, akanguruma: "Mkamateni huyo!" Akaingia kwenye kona na mkono mmoja.

Sitaeleza sana. Medali tatu hazikupatikana.

Askari walitekeleza amri ya mwisho waliyopewa. Kwanza walimkamata Nyamizi, wakamfunga pingu, wakamwandikia jina. Waziri alilala mtaroni muda wote huo, kwa sababu hapakuwa na amri ya kumwinua, na aliyepaswa kuitoa ndiye aliyelala mtaroni. Alivunjika mguu mahali pawili na mfupa wa bega. Alipandishwa cheo akiwa kitandani.

Kesi ilisikilizwa siku ya nne. Mashtaka yalikuwa mawili: kutamka neno lililokatazwa, na kumsababishia kiongozi kunyoosha kidole akiwa safarini. Umati uliobaki ulitunukiwa cheti cha utulivu.

"Mshtakiwa," hakimu akauliza, "kwa nini hukutumia maneno rasmi?"

"Ningetakiwa kuanza jana yake, mheshimiwa."

Watu wakacheka, wakakumbuka walipo, wakakohoa. Mwendesha mashtaka akasimama, kijana mwenye tai fupi.

"Wewe unaamini Waziri ndiye aliyemuua mdogo wako. Kweli si kweli?"

"Kweli."

"Basi unataka mahakama iamini kwamba ulitaka kumwokoa?"

"Simpendi, na mwandishi aandike hivyo. Wifi yangu hasemi nami mpaka leo kwa sababu ya kelele ile. Lakini mimi ni fundi. Nikiona stendi iko chini, nasema. Sikuangalia ni ya nani."

"Kwa hiyo unakiri kulitamka neno," hakimu akasema kwa furaha ya mtu aliyepata alichokuwa anatafuta, akampa miezi kumi na minane.

Nilimtembelea gerezani mara moja, kikazi. Amewekwa kwenye karakana, anatengeneza pikipiki za msafara wa Mtukufu. Alikuwa amekonda lakini mikono yake ilikuwa na oili kama kawaida. Akaniita karibu na waya.

"Nimezifungua zote, karani. Zote arobaini. Swichi zao ni nzima, hakuna hata moja iliyokatwa."

Nilimwambia kwamba hilo nalo liko chini ya idara nyingine.

Ilibaki karatasi moja tu ili jalada la Mlekwa lifungwe. Mjane alitakiwa kusaini kwamba ameridhika na chanzo cha kifo: kona. Nilimpelekea Sikudhani nyumbani kwake, asubuhi, alikuwa anachambua maharage. Aliisoma yote, hata maandishi madogo ya chini.

"Wewe ulikuwepo siku ile," akasema.

"Nilikuwepo, shemeji."

"Umbali gani?"

"Kama hatua kumi."

"Na mdomo ulikuwa nao?"

"Nilikuwa nao."

Aliniangalia kwa muda ambao sikuupima. Kisha akaiweka ile karatasi juu ya goti langu, kalamu juu yake, akarudi kwenye maharage yake, akitupa mawe upande mmoja na mabovu upande mwingine. Nilisubiri. Hakuniambia niondoke, hakuniambia nikae. Mwisho nilisimama mwenyewe.

Ofisini niliwasilisha karatasi bila saini, nikaeleza kwamba mjane hakusema kitu. Mkuu wangu alifurahi. Katika nchi yetu, asiyesema kitu amekubali. Akaniagiza niandike hivyo kwenye jalada na kulifunga, nami nikaandika, kwa mwandiko mzuri.